Geuza Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutambua, Kununua na Kutunza Vito vya Fedha vya Waamazigh

Ukishikishwa bizimu la fedha kutoka Moroko au Aljeria, usianze na uso wake. Ligeuze. Uso wa kito umefanywa upendeze macho, na mtu anayetaka kukuuzia bandia humalizia juhudi zake zote hapo. Mgongo ndio uliofanywa ufanye kazi: ndipo lilipo lehemu, ndipo ilipo sindano, ndipo palipogusana na nguo na ngozi kwa miaka. Karibu kila nililojifunza kuhusu vito hivi nimelijifunza upande wa nyuma, kwa hiyo mwongozo huu unaanzia huko na kuja mbele polepole.

Kabla ya kugeuza chochote, tuelewane kwenye majina. Waberberi ni jina walilopewa na wengine. Wenyewe hujiita Imazighen, na mmoja wao ni Amazigh. Wanaishi Moroko, Aljeria, Tunisia na Libya, na kule jangwani wapo Watuareg wa Niger, Mali na kusini mwa Aljeria. Lugha yao imekuwa lugha rasmi Moroko tangu katiba ya 2011, na Aljeria tangu 2016.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaingia kwenye somo hili tukiwa na maneno mkononi. Wakabylie, yaani Waamazigh wa kaskazini mwa Aljeria, huita bizimu lao kubwa la mviringo tabzimt, na Waarabu wa Moroko husema bzima. Ndilo bizimu letu hili hili, kwa njia ya Kiarabu. Kisanduku cha fedha cha kutilia maandishi ya kinga huitwa herz, nasi tuna hirizi. Mkono wa vidole vitano ni khamsa, na hamsa yetu imebaki ndani ya hamsini. Linalonigusa zaidi ni hili: Wakabylie huita madini haya lfetta, ndugu wa neno letu fedha, na kwetu fedha ni madini na ni pesa kwa pamoja. Vijijini mwa Waamazigh vito vilikuwa vyote viwili. Mwanamke alivaa akiba yake mabegani na miguuni, mali yake mwenyewe, na mwaka wa ukame ukija, kikuku kiliuzwa kikawa nafaka. Ndiyo sababu vipande vingi vya zamani sana havipo tena. Viliyeyushwa vikafuliwa upya.

Hatua ya kwanza: jua kitu hicho hufanya kazi gani

Kito cha Kiamazigh kinachotambulika kuliko vyote ni bizimu la pembetatu la Souss, kusini mwa Moroko. Kwa Kitashelhit, lugha ya huko, huitwa tazerzit, na yakiwa mawili ni tizerzai, maana huvaliwa jozi. Wanawake walivaa nguo isiyoshonwa, kitambaa kirefu kilichozungushwa mwilini, na pasipo mabizimu mawili ya mabegani nguo hiyo ingeanguka. Baina ya mabizimu hayo ukaning'inia mkufu kifuani, na kwenye jozi za kifahari katikati ya mkufu kuna tufe la fedha lenye umbo la yai, lililopambwa kwa enameli, yaani kioo cha rangi kilichoyeyushwa juu ya fedha.

Bizimu lenyewe lina sehemu tatu: bamba lenye nakshi, sindano nene, na pete iliyo wazi upande mmoja, yaani duara lenye pengo. Sindano hupenya mikunjo ya kitambaa. Pete hupitishwa kwenye sindano kupitia lile pengo, kisha huzungushwa mpaka pengo linakwenda upande wa pili na sindano inalala juu ya sehemu ya pete isiyo na pengo. Hakuna springi wala ndoana, na uzito wa nguo inayovuta chini ndio unaofunga. Nikipewa bizimu, jambo la kwanza ninalofanya ni kulifunga na kulifungua mara tatu kwenye shali ya sufu. Likikataa kufunga, pengine limetengenezwa kuwa pambo la ukutani, na bei yake iwe hiyo.

Vingine ni rahisi kuvijua. Khalkhali ni vikuku vizito vya miguuni, ambavyo mtu aliyekulia Pwani atavitazama akumbuke mafurungu na mitali. Vikuku vya mkononi vya Moroko ya kusini huwa na miiba au vifundo vilivyochomoza, vingine vikubwa mno. Kuna mataji ya paji la uso, kuna hereni nzito ambazo hazitundikwi sikioni peke yake bali hushikiliwa na mnyororo unaopita kichwani, na kuna vidani vilivyochanganya fedha, marijani na kaharabu. Ile tabzimt ya Kabylie ilikuwa na lugha yake: kwa desturi ya zamani, mama aliyejifungua mtoto wa kiume aliivaa kwenye paji la uso. Sisifii ubaguzi uliomo humo, ila ukikuta picha ya zamani ya mwanamke mwenye duara la fedha juu ya macho, sasa unajua alikuwa anawaambia nini majirani.

Hatua ya pili: soma mgongo

Tafuta mwanga wa jua, siyo taa ya dukani, na uwe na kioo cha kukuza. Kile kidogo cha masonara kinachokuza mara kumi kinatosha.

Anza na mahali vitu viwili vinaposuguana. Sindano inapozunguka kwenye tundu lake, pete inaposhika sindano, kiungo cha mkufu kinapovuta kiungo kingine. Kito kilichovaliwa miaka arobaini kitakuwa kimelika hapo: tundu lililokuwa duara limekuwa kama yai, na kiungo cha mkufu kimekonda upande mmoja. Ulikaji huu ni mgumu sana kuughushi kwa sababu hutokea mahali pa kazi tu. Kilichotengenezwa juzi na kuzeeshwa kwa dawa huwa na mikwaruzo kila mahali, ila matundu yake bado ni duara safi.

Halafu tazama weusi. Fedha huwa nyeusi yenyewe kwa sababu ya salfa iliyo hewani na kwenye jasho. Kwenye kito kinachovaliwa, weusi hubaki mabondeni, ndani ya mistari ya nakshi na kwenye pembe za lehemu, na vilele husuguliwa na nguo na vidole mpaka vikang'aa kwa ulaini, kama mpini wa jembe la siku nyingi. Weusi wa dawa umetandazwa sawasawa hadi juu ya vilele. Usugue kwa kitambaa cheupe na utaondoka kama masizi.

Tazama na lehemu. Fundi wa zamani alilehemu kwa fedha yenye shaba nyingi kidogo, na kiungo chake huonekana kama mstari mwembamba wenye unjano. Ukiona tone la kijivu, laini, linalokwaruzika kwa ukucha, hiyo ni risasi au bati. Kito hicho kimetengenezwa hovyo hivi karibuni, au ni cha kweli lakini kimekarabatiwa vibaya. Cha pili bado kinafaa kununuliwa, ila bei ishuke, maana ukikipeleka kwa fundi akakitia moto, risasi itaila fedha iliyo jirani.

Mihuri je? Kito cha kisasa kinaweza kuwa na chapa ya 925, yaani sehemu 925 za fedha kati ya 1,000. Ni habari njema, lakini mtu yeyote anaweza kugonga namba. Na kito cha zamani cha kijijini mara nyingi hakina chapa kabisa, kwa sababu mfuaji alifua kile mteja alichomletea, na mteja alileta sarafu. Kukosa muhuri kusikutishe.

Kuhusu sarafu, kuna mtego mmoja. Utakutana na vito vilivyolehemiwa sarafu za kweli, wakati mwingine ile kubwa yenye sura ya mtawala wa Austria, Maria Theresa, na mwaka 1780. Muuzaji atakwambia kito ni cha 1780. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo miaka mingi baada ya mtawala huyo kufariki, na ikatembea kutoka Afrika Kaskazini hadi Uhabeshi, Oman na Unguja, ambako wazee wetu waliihesabu kama riale. Kila moja ina gramu 28 na fedha ya asilimia 83. Inakuonyesha madini yalikotoka tu. Tarehe ya kito itafute kwenye ulikaji.

Hatua ya tatu: mizani na bakuli la maji

Mshindani mkubwa wa fedha ni alpaka, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hauna hata chembe ya fedha ndani yake, lakini ni mweupe, ni mgumu, na ukitiwa weusi hufanana mno. Sumaku haikusaidii, kwa sababu alpaka nayo, kama shaba na fedha, hainaswi. Sumaku itakukamatia chuma tu. Barafu ni kweli huyeyuka upesi juu ya fedha, lakini juu ya shaba pia.

Nilijifunza hili kwa gharama. Nilinunua jozi ya mabizimu dukani, kwenye mji wa watalii, nikarudi nayo nyumbani nikiwa na furaha, nikampelekea sonara wetu anitengenezee mkufu uliokatika. Akalichukua moja, akalipima kiganjani, akanitazama kwa huruma. “Mama,” akasema, “hii siyo fedha. Hii ni nikeli. Nikiitia moto nitakuharibia tu.” Hakutumia dawa yoyote. Mkono wake wa miaka mingi ulihisi wepesi. Sisi tusio na mkono huo tutumie hesabu.

Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, bakuli la maji, na uzi. Pima kito kikiwa kikavu, andika. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri. Funga kito kwa uzi, kizamishe chote majini bila kugusa chini wala pembeni, shikilia uzi kwa mkono uliotulia, soma namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Kikuku changu cha Tiznit, mji wa kusini mwa Moroko, kilikuwa na gramu 84 kikavu. Kiliponing'inia majini mizani ikasoma 8.2. Jibu ni 10.24. Fedha tupu hutoa 10.49, fedha ya 925 hutoa karibu 10.36, na ile ya asilimia 80 hutoa karibu 10.1. Alpaka, shaba ya njano na wenzao hubaki chini ya 9. Yale mabizimu yangu ya huzuni yalitoa 8.6.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Hakifai kwa kito chenye marijani, kaharabu au enameli nyingi, wala kwa kitu chenye uwazi ndani ulionasa hewa, kama baadhi ya khalkhali na lile tufe la yai. Tikisa kito majini kwanza vipovu vitoke. Na kama unataka kulipa pesa nyingi, nenda kwa sonara akijaribu kwa asidi mahali pasipoonekana. Asidi hiyo usiichezee nyumbani, inaunguza ngozi na macho.

Hatua ya nne: mkono wa wapi?

Baada ya kujua ni fedha, sasa geuza kito uso ujue kimetoka wapi. Rangi na ufundi husema zaidi kuliko michoro.

Ukiona enameli ya buluu iliyokolea, ya kijani na ya njano, pamoja na vipande vyekundu vya marijani, umeshika kazi ya Kabylie, na jina la kukumbuka ni Ath Yenni, kundi la vijiji vya mlimani katika mkoa wa Tizi Ouzou. Hapo ndipo ningekaa siku nzima nikitazama. Fundi hukata bamba la fedha, kisha huvuta waya mwembamba na kuulaza juu yake kwa umbo la mchoro, akaulehemu, hata uso mzima ukagawanyika vyumba vidogo kama sega la nyuki. Kila chumba hujazwa unga wa kioo wenye rangi. Buluu hutokana na kobalti, nayo huwa angavu kiasi kwamba mwanga hupenya ukagonga fedha iliyo chini na kurudi. Njano huwa nzito isiyopitisha mwanga. Kito huingia motoni, unga unayeyuka, unapoa kuwa kioo. Vitufe vya fedha, vidogo kama mbegu za mtama, na vikombe vya kushikia marijani hulehemiwa kabla ya moto huo, na marijani yenyewe ya Bahari ya Kati hutiwa mwishoni. Mabizimu yaliyo bora yana enameli hata mgongoni, mahali ambapo hakuna atakayeona ila mvaaji. Kwa hiyo na hapa, geuza.

Enameli ya kijani na njano, bila buluu kutawala, kwenye fedha nzito, hukupeleka milima ya Anti-Atlas na Souss. Mji wa Tiznit, uliozungushiwa ukuta na Sultani Hassan I miaka ya 1880, ndio soko la fedha la kusini mwa Moroko hadi leo. Huko utakuta pia nakshi zilizochimbwa kwa tindo kisha zikajazwa weusi wa kuchomewa, wenye kung'aa kama wino mkavu. Essaouira, mji wa bandari, ulijulikana kwa kazi ya nyuzi za fedha zilizosokotwa na kukunjwa kama lesi. Sehemu kubwa ya kazi ya Moroko ya kusini ilikuwa mikononi mwa mafundi wa Kiyahudi, walioishi vijijini na mijini humo kwa karne nyingi. Kati ya 1948 na miaka ya 1960 wengi wao waliondoka, hasa kwenda Israel, na mafundi Waislamu wakaendeleza ufundi. Muuzaji akikwambia “kazi ya Wayahudi” anamaanisha ya kabla ya hapo, na anataka bei ya kabla ya hapo, basi rudi kwenye ulikaji wa matundu uone kama umri unakubaliana na maneno.

Milima ya Aurès, mashariki mwa Aljeria, ina mkono mwepesi zaidi: bamba lililotobolewa, minyororo mingi, enameli hamna. Tunisia ya kusini na kisiwa cha Djerba hupenda pete pana ya hilali kwenye bizimu.

Watuareg ni habari nyingine. Wafuaji wao huitwa inadan, nao husubu kwa nta: fundi huchonga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, huchoma udongo mpaka nta ikatoka, humimina fedha mahali ilipokuwa nta, kisha huvunja udongo. Kwa kuwa kila kalibu huvunjwa, misalaba miwili ya Agadez, yaani vidani vya umbo la msalaba vya mji huo wa Niger, iliyotoka kwenye mkono wa kweli haiwezi kulingana kabisa. Ukionyeshwa trei yenye misalaba thelathini inayofanana kama sarafu, hiyo imetoka kiwandani. Watuareg huthamini fedha kuliko dhahabu, na wengi huiona dhahabu kuwa na mkosi.

Hatua ya tano: nakshi, na maelezo ya nakshi

Utaona pembetatu kila mahali, na msalaba uliosimama ndani ya mraba, na nyota ya ncha nane, na kichwa cha nyoka mwishoni mwa kikuku, na nukta tano, na duara lenye nukta katikati. Tano na mkono ni kinga dhidi ya jicho baya, hilo halina mjadala na linafahamika tangu Atlantiki mpaka kwetu. Duara lenye nukta ni jicho linalorudisha jicho. Pembetatu huelezwa kwa njia nyingi: hema, mwanamke, uzazi, jicho tena.

Ushauri wangu ni kusikiliza maelezo haya kwa heshima bila kuyalipia. Nakshi hizi zilipita kutoka mama hadi binti, na kutoka bamba la fedha hadi zulia, chungu na chale za usoni, na maana yake ilibadilika kutoka bonde moja hadi jingine. Muuzaji anayekupa “maana halisi” ya kila mstari anakupa hadithi ya duka lake. Ikiwa una bahati ya kumpata bibi aliyevaa kito hicho au kinachofanana nacho, muulize aliitaje kila sehemu na alikivaa lini. Majina ya sehemu ni hazina kuliko maana.

Herufi ya Kitifinagh, mwandiko wa Waamazigh, inayofanana na mtu aliyenyoosha mikono juu, ⵣ, utaikuta kwenye vito vingi vya leo. Ni alama ya utambulisho wa Waamazigh wa sasa na iko kwenye bendera yao. Kuivaa ni jambo zuri, lakini kidani chenye herufi hiyo kisiuzwe kwako kama cha karne ya 19.

Hatua ya sita: marijani, kaharabu na enameli

Marijani ya kweli ni baridi ukiigusa kwa mdomo na nzito kwa ukubwa wake. Chini ya kioo cha kukuza ina mistari myembamba sana inayoenda upande mmoja. Plastiki huwa vuguvugu, na mara nyingi utaona mshono wa kalibu. Marijani ya rangi duni iliyotiwa nyekundu huacha rangi kwenye pamba iliyolowa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Jaribu pembeni, kidogo, ufute mara moja, na usijaribu kabisa ukishuku ni plastiki, maana asetoni itaiyeyusha. Vito vingi vya Kabylie vya karne ya 20 vina seluloidi badala ya marijani kwa sababu marijani ilipanda bei. Hivyo navyo ni vya kweli, mikono ni ile ile. Lipa tu ukijua.

Kaharabu za manjano kubwa kama limau, zinazotungwa pamoja na fedha Moroko, nyingi ni sandarusi, utomvu wa mti ambao haujakomaa kama kaharabu, au plastiki ya zamani. Yeyusha chumvi majini mpaka ikatae kuyeyuka, tumbukiza shanga iliyo peke yake bila chuma. Kaharabu na sandarusi huelea, plastiki nzito ya zamani huzama. Kutofautisha kaharabu na sandarusi ni kazi ya mtaalamu, na sandarusi ilitoka kwa wingi Pwani yetu hii, kwa hiyo sioni aibu yoyote kuivaa.

Enameli ni kioo. Ncha ya sindano huteleza juu yake. Ikizama au ikichora, ni rangi ya kupaka.

Hatua ya saba: bei

Omba kito kiwekwe kwenye mizani kabla hujauliza bei. Moroko neno la fedha sokoni ni nuqra. Ukiuliza hivyo utaeleweka. Tiznit, fundi mmoja mzee aliweka jozi nzima kwenye mizani kabla sijafungua mdomo, akanigeuzia namba niione, na hapo nikajua nitanunua kwake. Tafuta siku hiyo bei ya fedha ya dunia, ambayo hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1. Igawanye upate gramu, zidisha kwa uzito wa kito, kisha kwa 0.8 ikiwa ni cha zamani au 0.925 ikiwa kina chapa na kipimo kimekubali. Hiyo ni bei ya madini. Chini ya hapo mtu hauzi fedha, kwa hiyo “fedha” ya bei ya chini kuliko hiyo imejieleza yenyewe.

Juu ya madini unalipia kazi, umri na ukamilifu. Jozi iliyokaa pamoja na mkufu wake ina thamani kubwa kuliko mabizimu mawili yaliyokutanishwa dukani. Linganisha migongo: mkono wa fundi mmoja utauona kwenye namna alivyokata sindano. Ukinunua kwa mtandao, omba picha tatu: mgongo, kito juu ya mizani, na tundu la sindano kwa karibu. Anayekataa kutuma picha ya mgongo, mwache. Na kwa kitu cha zamani kweli, ulizia kwanza sheria ya kukitoa nchini, uchukue risiti iliyoandikwa uzito.

Kama unapita Marrakech, anza na jumba la makumbusho la sanaa za Kiberberi ndani ya bustani ya Majorelle, lililofunguliwa 2011. Saa moja mbele ya vito vile itakuokolea pesa sokoni.

Hatua ya nane: kuvaa na kutunza

Sindano ya tazerzit huwa nene kama msumari. Ilitengenezwa kwa sufu iliyofumwa wazi. Ukiichoma kwenye kanga au hariri utatoboa tundu lisilozibika. Ivae kwenye shali ya kufuma, au pitisha mkufu kwenye pete uifanye kidani. Mwenye mzio wa nikeli ajue kwamba alpaka itamwasha, na hicho nacho ni kipimo cha aina yake.

Sasa la kusafisha, na hapa naomba usome polepole. Bibi yangu alisafisha vikuku vyake kwa ukwaju, na viling'aa. Nikafanya vivyo hivyo kwa pete ya Kabylie yenye marijani. Niliiacha kwenye bakuli la ukwaju nikaenda kupika, na niliporudi fedha ilikuwa nyeupe, marijani ilikuwa imepauka, imekwaruza kama chaki. Marijani ni chokaa ya baharini, na ukwaju, ndimu na siki ni asidi inayokula chokaa. Haikurudi tena. Kosa lilikuwa langu. Bibi hakuwa na marijani kwenye vikuku vyake.

Kwa hiyo: fedha tupu isiyo na jiwe wala enameli, ukwaju ruksa kwa dakika chache, kisha maji mengi na kitambaa laini. Chenye marijani, kaharabu au enameli kifutwe kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kikaushwe papo hapo, basi. Usikitie maji ya moto, kwa sababu kioo na fedha hupanuka kwa kiasi tofauti na enameli itapasuka. Mbinu ya magadi na karatasi ya alumini hung'arisha kweli, lakini huondoa hata weusi wa mabondeni, na nakshi za Tiznit bila weusi wake huwa kama maandishi yasiyo na wino. Dawa ya meno ina mchanga, iache bafuni. Manukato na mafuta ya nywele yapakwe kwanza, kito kivaliwe mwisho.

Pwani hewa ina chumvi na unyevu, kwa hiyo usiache fedha mezani. Ifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa manukato, kisha mfuko wa plastiki wenye kufungika, hewa ikiwa imekamuliwa. Usiweke pamoja na mpira wala sufu, vyote vina salfa. Mkufu ufungwe peke yake usikwaruze enameli.

Ndani ya kitambaa tia kikaratasi. Andika uzito mkavu, namba ya majini, mahali ulipokinunua na mwaka, na neno alilotumia muuzaji au bibi kukiita, hata kama hujui kuliandika sawasawa. Kwenye kikaratasi cha kikuku changu pameandikwa: Tiznit, gramu 84, majini 8.2.